Mtoto wa mpakani aliyemvaa Omar Mukhtar

Mwezi wa Aprili mwaka 1915 yalitokea mambo mawili yasiyohusiana. Tarehe 21, katika mji wa Chihuahua kaskazini mwa Meksiko, alizaliwa mtoto wa kiume akaitwa Antonio. Siku tano baadaye, mjini London, Uingereza na washirika wake walitia saini mkataba wa siri na Italia. Italia iliahidiwa kwamba ikiingia vitani upande wao, na Uingereza na Ufaransa zikajiongezea makoloni barani Afrika, nayo itafidiwa.

Fidia hiyo ililipwa mwaka 1925, na ilikatwa kwenye pwani yetu. Nchi ya Juba, iliyokuwa chini ya koloni la Kenya, ilitolewa kwa Italia. Kismayu ikaenda, pamoja na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Kiunga, Faza na Kizingitini zikabaki Kenya. Wabajuni, watu wa lugha moja na ukoo mmoja, mafundi wa mitepe na wavuvi wa bahari ileile, wakajikuta na mabwana wawili na mpaka katikati yao.

Yule mtoto wa Chihuahua alikua, akaitwa Anthony Quinn, akawa mmoja wa waigizaji waliodumu muda mrefu zaidi katika sinema. Waislamu wengi wa pwani wanaijua sura yake hata kama hawalijui jina. Ndiye Hamza, ami yake Mtume, katika The Message. Ndiye Omar Mukhtar katika Lion of the Desert, filamu kuhusu dola ileile iliyokabidhiwa Kismayu.

Alivushwa akiwa mdogo

Baba yake Quinn alikuwa na damu ya Ireland, mama yake alikuwa Mmeksiko. Wakati anazaliwa, Meksiko ilikuwa katikati ya mapinduzi, na baba alikuwa mmoja wa waliojiunga na mapigano hayo. Mama alimchukua mtoto akaelekea kaskazini hadi Ciudad Juárez, na baadaye familia ikavuka mto Rio Grande na kuingia El Paso, Texas. Miji hiyo miwili inatazamana kama Busia ya Kenya na Busia ya Uganda: soko moja, serikali mbili. Msomaji anayepita vituo vyetu vya mpakani kila wiki hahitaji kuelezwa maisha ya hapo yalivyo.

Kutoka El Paso walihamia California, wakafanya vibarua mashambani. Huko Los Angeles baba alipata kazi kwenye studio ya filamu, lakini akafa katika ajali ya gari mwanawe akiwa bado mdogo. Kijana aliingia mitaani kutafuta riziki. Aling'arisha viatu, aliuza magazeti na kupigana ngumi za kulipwa. Alikuwa hodari wa kuchora pia, na uchoraji ukamfikisha kwa msanifu majengo maarufu, Frank Lloyd Wright.

Wright aliona kijana ana akili ila ulimi wake ni mzito. Alimshauri afanyiwe upasuaji mdogo wa kuufungua. Baada ya upasuaji ilibidi ajifunze upya kutamka, na mahali alipokwenda kujifunza palikuwa darasa la uigizaji. Alifuata matamshi, akakuta kazi ya maisha.

Miaka ya kuvaa sura za wengine

Alianza kuonekana kwenye filamu mwaka 1936. Katika The Plainsman, filamu ya mwongozaji mkubwa Cecil B. DeMille, alipewa nafasi ya Mhindi Mwekundu, kama wenyeji wa asili wa Marekani walivyoitwa enzi hizo. Mwaka uliofuata alimwoa Katherine, binti wa kulea wa DeMille. Angetegemewa kupanda haraka, lakini haikuwa hivyo. Kwa zaidi ya miaka kumi Hollywood ilimpa nafasi za wahalifu, wenyeji wa visiwa, Wachina na Wahindi Wekundu. Kila palipotakiwa mtu asiye Mzungu kamili, aliitwa yeye.

Hakuukataa mlango huo mdogo, ila alijifunza ndani yake. Kila taifa aliloagizwa kuliigiza alilichunguza: wanavyokaa, wanavyokula, wanavyokasirika. Mwaka 1952 alicheza na Marlon Brando katika Viva Zapata!, filamu kuhusu mapinduzi yaleyale aliyozaliwa ndani yake. Alikuwa Eufemio, kaka wa Emiliano Zapata. Nafasi hiyo ilimpa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi, naye akawa mzaliwa wa kwanza wa Meksiko kupata Oscar ya uigizaji.

Mwaka 1954 alikuwa Italia, akicheza katika La Strada ya Federico Fellini. Alikuwa Zampanò, mbabe wa maonyesho ya barabarani anayekata minyororo kwa kifua. Filamu hiyo ilimpa heshima Ulaya nzima. Mwaka 1957 akapata Oscar ya pili kwa kumwigiza mchoraji Paul Gauguin katika Lust for Life, ingawa anaonekana kwa dakika chache tu.

Mwaka 1962 alimwigiza Auda abu Tayi, shekhe wa Kibedui, katika Lawrence of Arabia. Inasimuliwa kwamba siku moja alijipamba na kuvaa mwenyewe, akafika mahali pa kazi, na mwongozaji David Lean akadhani ni Mwarabu wa pale jangwani. Miaka miwili baadaye akawa Mgiriki katika Zorba the Greek, na hadi leo wengi wanaamini alikuwa Mgiriki kweli.

Filamu mbili za Akkad

Moustapha Akkad alizaliwa Aleppo, Syria, akasomea filamu Marekani. Alitaka kuusimulia mwanzo wa Uislamu kwa watu wasioujua. Hakuna kampuni kubwa ya Hollywood iliyotaka kutia fedha yake humo, hivyo alitafuta mtaji kwenye nchi za Kiarabu na Libya. Upigaji picha ulianzia Moroko, ukasimamishwa kwa shinikizo la kisiasa na kidini, ukahamia Libya.

Mfanyabiashara atavutiwa na namna alivyoipanga kazi. Akkad hakutengeneza filamu moja na kuitia sauti ya lugha nyingine. Alitengeneza mbili kwa wakati mmoja. Tukio lilipigwa kwa Kiingereza na waigizaji wa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu na waigizaji wa Kiarabu, kwenye mandhari ileile. Hamza wa Kiingereza ni Quinn, na wa Kiarabu ni Abdullah Gaith wa Misri. Sura na sauti ya Mtume hazimo, kwa kuheshimu dini. Hata hivyo, filamu ilipokaribia kuonyeshwa Marekani mwaka 1977, watu wenye silaha waliteka majengo mjini Washington, wakidai miongoni mwa mengine kwamba izuiwe. Wengi wa waliokasirika walikuwa hawajaiona.

Filamu ya pili, Lion of the Desert, ilitoka mwaka 1981. Serikali ya Libya iliigharamia kwa takriban dola milioni 35, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ni habari za Omar Mukhtar, mwalimu wa Kurani aliyeongoza vita dhidi ya Waitalia mashariki mwa Libya kwa takriban miaka 20. Alikamatwa Septemba 1931 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Tarehe 16 mwezi huo alinyongwa mbele ya watu wake. Quinn, ambaye mwenyewe alikuwa na miaka zaidi ya 60, alimwigiza kwa utulivu. Omar wake hapayuki. Anaivaa miwani yake, anafundisha watoto, anapanda farasi, na mwishoni anauendea mti wa kunyongea bila haraka.

Jenerali aliyefika Somalia

Adui yake katika filamu ni Jenerali Rodolfo Graziani, aliyeigizwa na Oliver Reed. Graziani aliwang'oa watu wa mashariki ya Libya kwenye ardhi yao na kuwafungia kambini, ambako maelfu walikufa. Mwaka 1931 alijenga uzio wa seng'enge wa takriban kilomita 270 kwenye mpaka wa Libya na Misri. Alijua wapiganaji wanaishi kwa njia za misafara: nafaka, nguo, chai na risasi vyote vilipita mpakani. Akaona ili kuvunja vita ni lazima kwanza avunje biashara.

Baada ya Libya, Graziani alipelekwa Somalia. Mwaka 1935 alikuwa gavana wa Somalia ya Kiitalia, na kutokea huko aliongoza jeshi lililoivamia Ethiopia kwa upande wa kusini. Kismayu, Koyama na Chula zilikuwa chini ya mtu huyohuyo ambaye miaka minne kabla alikuwa amemfikisha Omar Mukhtar kitanzini. Utawala huo wa Kiitalia uliondolewa Kismayu Februari 1941, majeshi ya Uingereza yalipoingia kutokea Kenya.

Kwa hiyo mtu wa pwani hii akitazama Lion of the Desert hatazami habari za mbali. Anaitazama serikali iliyowatawala babu zake, ikiongozwa na jenerali aliyewahi kuwa gavana wao.

Bidhaa na soko lake

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisa cha filamu hii kinaongeza neno: chema hujiuza kikifika kwa mwenye haja nacho. Marekani Lion of the Desert ilianguka vibaya. Mapato yake hayakurudisha hata sehemu ndogo ya gharama. Italia iliipiga marufuku mwaka 1982 kwa madai kwamba inalivunjia heshima jeshi lake. Kwa hesabu ya mwaka wa kwanza, mtaji ulikuwa umezama.

Lakini kaseti za video zilikwenda ambako kumbi za sinema hazikufika. Katika nchi za Kiislamu filamu zote mbili zilipita mkono kwa mkono, zikarushwa na televisheni mwaka baada ya mwaka, hasa Ramadhani na sikukuu. Mwaka 2009 Muammar Gaddafi aliizuru Roma akiwa amebandika kifuani picha ya kukamatwa kwa Omar Mukhtar, na wiki hiyohiyo televisheni ya Italia ikaionyesha filamu iliyokatazwa. Akkad hakuwahi kuiona siku hiyo. Aliuawa mwaka 2005 katika mashambulizi ya mabomu kwenye hoteli za Amman, Jordan, pamoja na binti yake.

Quinn alikuwa ametangulia. Alifariki Boston tarehe 3 Juni 2001, akiwa na miaka 86. Alikuwa amecheza filamu zaidi ya 100, akachora na kuchonga sanamu, akaacha watoto zaidi ya kumi. Filamu yake ya mwisho ilitoka baada ya kifo chake. Kuanzia 1936 ni miaka 65 kazini.

Zamu ya pwani

Wapo wanaouliza kwa nini shujaa wa Libya aigizwe na mtu wa Meksiko. Swali ni la haki. Akkad alihitaji jina litakalouza tiketi Marekani, na hata jina hilo halikuziuza. Waliolibeba jina la Omar Mukhtar ni watazamaji ambao hawakuwamo kwenye hesabu za Hollywood.

Kutoka Kismayu hadi Kiunga, Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja wapo watazamaji wanaosikilizana kwa lugha moja, kila mmoja kwa lahaja yake. Mpaka wa 1925 uligawa forodha na bendera, haukugawa lugha. Jahazi, samaki, boriti na nguo vimekuwa vikipita kwenye maji hayo kwa karne nyingi, na habari zimekuwa zikipita ndani ya jahazi hizohizo. Zimo habari za jamaa waliolala chini ya bendera moja wakaamka chini ya nyingine kwa sababu ya ahadi iliyotolewa London. Zimo pia za Wabajuni waliokimbia vita mwaka 1991 wakaishi kambini Mombasa, katika nchi ambayo walikuwa na ndugu ndani yake.

Omar Mukhtar alingoja nusu karne hadi Msyria na Mmeksiko wakamfikisha kwenye skrini. Wanaotafuta mzigo mpya wa kuvusha katika mipaka hii wasisahau kwamba hadithi nayo ni bidhaa. Haiozi njiani kama samaki, na wanunuzi wake wanaelewana tayari.