Pombe Si Dawa ya Mawazo

Hapa Berea wengi wetu, wakiwemo wanaolinda magari, hunywa ili "kupunguza mawazo" na kupata usingizi. Usingizi huja haraka, lakini ni wa kukatikakatika. Pombe huutuliza ubongo kwa saa chache tu. Ikiisha mwilini, ubongo huchangamka kupita kiasi. Ndiyo maana asubuhi wasiwasi na huzuni huzidi, ukatamani kunywa tena.

Utajuaje kama umezidisha? Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kipimo cha maswali 10, AUDIT, kilichotokana na utafiti katika nchi 6, Kenya ikiwemo. Utaulizwa kiasi unachokunywa, kama hushindwa kuacha ukishaanza, na kama huhitaji pombe asubuhi ili mwili ukae sawa. Alama 8 au zaidi ni dalili ya hatari. Mwombe muuguzi akupime.

Tahadhari: kama unakunywa sana kila siku, usiache ghafla peke yako. Unaweza kutetemeka, kutoka jasho, kupata degedege, hata kufa. Nenda hospitali kwanza, wakusaidie kuacha salama. Kuomba msaada si aibu.