Hesi za Bolti: Kazi Itakayo Subira

Askari yeyote aliyepata kusafiri kwa lori katika njia mbaya anafahamu ya kuwa gari halishindwi na injini peke yake. Pengine hushindwa na bolti moja tu. Hesi zake, yaani yale meno yanayozunguka bolti ili nati ishike, zikikatwa vibaya, nati hulegea na safari huishia porini. Kwa hiyo tunapenda kuwaeleza ndugu zetu wa karakana za jeshi na polisi jinsi ya kukata hesi bora kwa mashine ya kukereza chuma.

Kwanza, fundi na ajue aina ya hesi anayoitaka. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi za pembe ya digrii 55; Wamarekani walishika digrii 60. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi yao yalipigana bega kwa bega, lakini nati za upande mmoja hazikukaa sawasawa katika bolti za upande wa pili. Ndipo tarehe 18 Novemba 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikapatana juu ya hesi za digrii 60. Hesi za milimita nazo ni za digrii 60.

Tuchukue mfano wa bolti ya milimita 12, ambayo kwa kawaida nafasi kati ya jino na jino ni milimita 1.75. Kisu kinolewe kwa digrii 60 kamili, na ncha yake ilingane na kitovu cha chuma kinachozunguka. Kisu kisimamishwe mraba kwa kipimo cha pembe. Kikiinama, meno nayo yatainama.

Mafundi wengi hugeuza kitelezi kinachobeba kisu digrii 29 na nusu, kutoka mstari uliosimama mraba na bolti. Hivyo kisu hula zaidi kwa ubavu mmoja, na chuma hakichaniki. Kina cha hesi zetu ni kama milimita 1.07, lakini kitelezi kilichogeuzwa hivyo kitasogea kama milimita 1.23.

Mkato wa kwanza uwe mkwaruzo tu. Simamisha mashine upime: nafasi kumi ziwe milimita 17.5. Kosa likionekana hapa, chuma hakijaharibika. Kisha endelea kwa mwendo wa polepole, mafuta yakitiririka, na kila mkato uwe mwembamba kuliko uliotangulia. Ikiwa skrubu ndefu ya mashine ni ya inchi, usiiachie kabla hesi za milimita hazijakamilika. Ondoa kisu, urudishe mashine kinyumenyume. Mwishoni pitisha kisu mara mbili bila kukisogeza, kisha jaribu nati. Ipite kwa vidole, isichezecheze.

Tunaonya jambo moja. Hesi nzuri haigeuzi chuma laini kuwa kigumu. Bolti za usukani, breki na magurudumu hutengenezwa kwa chuma maalumu kilichotiwa nguvu kwa moto. Fundi asizibadilishe kwa kipande alichookota karakanani, hata mkono wake uwe hodari namna gani. Maana wanaopanda lori lile hawatapata nafasi ya kuikagua kazi yake.