Mawe ya Redio Juani: Jaribio la Kufanya na Watoto Wetu

Wengi wetu tuliolelewa katika mitaa ya Arusha na vijiji vya miteremko ya Meru tumelishuhudia jambo hili. Redio inaanza kukwaruza, sauti inafifia, na mzee wa nyumba anayatoa mawe yake na kuyaanika juani. Jioni taarifa ya habari inasikika tena, japo kwa muda mfupi. Vijana wa leo wakisimuliwa hucheka. Sisi tunawaomba wasicheke kwanza, bali wapime.

Tunalisema hili kwa sababu nchi yetu ina funzo lake kuhusu kicheko cha namna hiyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu ili atengeneze aiskrimu, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni na jambo hilo likafanyiwa majaribio, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Wataalamu wanalijadili hadi leo, na jina la Mpemba limebaki katika fizikia ya dunia.

Basi turudi kwenye mawe ya redio. Betri si debe la umeme uliohifadhiwa. Ni chombo cha kemia. Ndani ya betri ya kawaida ya tochi kuna zinki upande mmoja na dioksidi ya manganizi upande wa pili, na kati yake kuna elektroliti. Umeme hutoka pale kemikali hizo zinapobadilishana chembe za umeme. Baridi hupunguza kasi ya mabadiliko hayo na kuongeza ukinzani wa ndani, na joto hufanya kinyume chake.

Kila anayepanda Mlima Meru huweza kukutana na jambo hili. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru kinapita mita 4,500. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hivyo kati ya jiji na kilele tofauti hukaribia nyuzi 19. Wapandaji huondoka kituo cha Saddle baada ya saa 6 za usiku, na usiku wa manane wa mwezi Julai si wakati wa tochi kufifia juu ya ukingo wa mlima. Mwenye busara huweka betri za akiba katika mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Jaribio lenyewe halina gharama kubwa. Zinahitajika betri ndogo za rimoti za aina moja zilizonunuliwa siku moja, balbu za tochi zinazofanana (si za LED), nyaya, kipimajoto na maltimita ya kupimia volti. Betri mbili zikae kwenye jokofu, mbili kivulini chumbani, na mbili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, katika beseni la maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40. Zikae hapo saa moja kabla ya kuanza, ili joto lifike ndani. Balbu zote zibaki chumbani, nyaya tu ndizo zipite kwenye ukingo wa mlango wa jokofu, kwani kinachopaswa kutofautiana ni joto la betri peke yake. Kila baada ya dakika 15 mtoto aandike jotoridi na volti za kila jozi. Jozi mpya huwa na volti 3 hivi. Ikishuka hadi 1.8 huku balbu ikiwaka, tuihesabu imekwisha. Jaribio lirudiwe mara tatu.

Na aandike alichokiona, si alichokitarajia. Daftari la vipimo ni amana. Tarakimu ya kubuni ni uongo, hata ikimpendeza mwalimu.

Kwa kawaida jozi ya jokofuni hutangulia kuchoka. Hapo wengi hufunga daftari na kuandika kwamba baridi huua betri. Tunawasihi wasifunge. Jozi hiyo itolewe, ikae chumbani saa moja, kisha iunganishwe tena. Kwa kawaida itawasha balbu kwa muda mwingine. Nguvu yake ilikuwa imezuiliwa tu na baridi. Hilo ndilo alilokuwa akilifanya mzee: jua liliamsha masalio ambayo betri iliyochoka haikuweza kuyatoa yenyewe. Hakuongeza umeme, alikomba sufuria.

Lakini uhai wa betri una maana mbili: saa za matumizi na miaka ya kudumu. Joto linalosaidia leo huharakisha pia uchakavu na kuvuja. Kwa betri za asidi na risasi, zinazotumika na sola majumbani na misikitini, kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Betri iliyonunuliwa kwa michango ya waumini na kuwekwa juu ya dari, chini ya bati la moto, inaliwa kimyakimya. Ishushwe, ikae kivulini penye hewa. Simu nayo isiachwe juani ndani ya gari.

Kwa usalama, betri isiwekwe motoni wala isipasuliwe. Betri ndogo za duara, mfano wa kifungo, ziwekwe mbali na watoto wadogo. Ikimezwa, huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili, hivyo mtoto akimbizwe hospitali mara moja.

Jumamosi hii, mtoto wako akikuuliza kwa nini babu alianika mawe juani, usimwambie ni ujinga wa zamani, na usimwambie babu hakosei. Mpe kipimajoto na daftari, ukae naye mpaka balbu ya mwisho izimike.