Wakili wa Vibali vya Kazi: Somo la Riyadh na Jeddah (2)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini kampuni za kigeni zinakimbilia Riyadh: tangu Januari 1, 2024, kampuni isiyo na makao makuu ya kanda nchini Saudi Arabia imefungiwa mlango wa zabuni nyingi za serikali. Kila meneja anayehamishiwa huko anahitaji viza, kibali cha kazi na ikama, yaani kibali cha ukaazi, na anayevishughulikia ni wakili. Naamini wakili wa kazi hii hukomaa pale anapothubutu kumwambia mteja tajiri "hapana" mapema, kabla mkataba haujasainiwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2005 inampa pa kusimamia. Kifungu cha 38 kinakataza mtu kufanya kazi tofauti na ile iliyoandikwa katika kibali chake; cha 40 kinambebesha mwajiri ada za ikama, kibali na tiketi ya kurudi kwao. Mikataba mingi huchapwa kwa safu mbili, Kiarabu kulia, Kiingereza kushoto, na zikigongana, kifungu cha 9 kinasema Kiarabu ndicho kinachoshika. Basi kampuni ikimwandika mhandisi kama fundi ili mambo yaende haraka, wakili anayenyamaza anaitegea hasara kampuni hiyohiyo inayomlipa.

Watakaopinga watasema wakili ni wa anayemlipa, na mfanyakazi ajitafutie wake. Ni kweli kwamba utii wake wa kwanza uko kwa mteja. Lakini tangu Machi 14, 2021, mfanyakazi aliyemaliza mwaka mmoja anaweza, kwa masharti, kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuomba ruhusa ya wa kwanza, na kuomba viza ya kutoka na kurudi kupitia Absher, jukwaa la serikali la mtandaoni. Mwajiri anayedhani bado anamshikilia mtu kwa karatasi atampoteza. Wakili anayemshauri amtendee haki mfanyakazi wake anamlindia biashara.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mageuzi hayo hayawagusi madada wa kazi wa Jeddah, madereva wa nyumbani, walinzi, wachungaji na watunza bustani. Hilo silipingi. Wafanyakazi wa ndani wako nje ya Sheria ya Kazi, wana kanuni zao peke yao, na hawana kampuni ya kuwalipia wakili. Miongoni mwao wamo binti zetu kutoka Mombasa, Kampala na Tanga, na wengine husaini karatasi wasizoweza kuzisoma. Hapo ndipo uongozi wa taaluma hii unapotakiwa hasa, na si lazima uanzie Riyadh. Zanzibar na Lamu zimejaa vijana waliosoma Kiarabu tangu utotoni. Wapo pia waliosomea sheria. Chama cha Mawakili Tanganyika, cha Zanzibar na cha Kenya viwape vijana hao kazi ya kuusoma kila mkataba, safu ya kulia kwanza, kabla msafiri hajakata tiketi.