Ua la Usambara Chunguni: Mbolea Iende kwa Kipimo

Katika ofisi nyingi za vyama vya msingi, na katika nyumba nyingi za wanachama, huonekana chungu au kopo la maua limewekwa karibu na dirisha. Mara nyingi ua hilo hupendeza kwa miezi michache, kisha huacha kuchanua, majani yake hubadilika rangi, na hatimaye hufa. Anayelitunza hushangaa, kwa sababu hakulisahau hata siku moja. Alilimwagilia maji kila asubuhi, na alipoona limepungukiwa nguvu aliliongezea mbolea. Maua mengi ya ndani ya nyumba hufa kwa namna hiyo, yaani kwa kutunzwa kupita kiasi.

Kwa mkulima jambo hili si dogo. Mkono unaotia mbolea chunguni bila kupima ndio huo huo unaotia mbolea shambani, na mbolea ya shambani hununuliwa kwa fedha nyingi, aghalabu kwa mkopo. Chungu cha maua ni shamba dogo ambalo kosa lake huonekana mapema na kwa hasara ndogo. Kwa hiyo yafaa kulichunguza shamba hilo dogo, na mmea unaofaa kwa mafunzo hayo ni ua la Usambara, ambalo asili yake ni milima ya Tanzania.

ASILI YA MMEA

Ua la Usambara ni mmea mfupi wenye majani manene yaliyofunikwa na vinyweleo laini. Maua yake huwa ya rangi ya urujuani, na yale yaliyozalishwa na wataalamu huweza kuwa meupe, ya waridi au ya buluu. Porini huota katika misitu ya milima ya Usambara, Uluguru na Nguru, na pia upande wa kusini-mashariki wa Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, aliutambua mmea huo na kumpelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, aliuandikia maelezo ya kisayansi na kuupa jina Saintpaulia ionantha. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuingiza katika jamii ya mimea iitwayo Streptocarpus, lakini jina la zamani bado hutumika sana. Leo hii watoto wa mmea huo wamo madirishani katika nchi nyingi za dunia.

Namna unavyoishi porini ndiyo inayofundisha namna ya kuutunza nyumbani. Huko msituni hushika juu ya miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mizizi yake ni myembamba na mifupi, nayo hujishikiza katika udongo kidogo uliokusanyika kwenye nyufa za mawe. Chakula chake hutokana na majani yaliyooza na maji ya mvua yapitayo hapo. Kwa hiyo mmea huu umezoea kupata kidogo, lakini mara kwa mara. Haukuumbwa kupokea shibe ya siku moja.

KAZI YA MBOLEA

Watu husema kwamba mbolea ni chakula cha mmea. Usemi huu unafaa kwa mazungumzo, lakini hupotosha. Mmea hujitengenezea chakula chake wenyewe katika majani kwa kutumia mwanga, hewa na maji. Mbolea huleta madini yanayohitajika katika kazi hiyo. Naitrojeni husaidia majani na rangi yake ya kijani. Fosforasi husaidia mizizi na maua. Potasiamu husaidia nguvu ya mmea kwa jumla. Tarakimu tatu zilizoandikwa juu ya mfuko huonyesha kiasi cha madini hayo kwa kila sehemu 100 za uzito. Mfuko wa kilo 50 wenye tarakimu 20-10-10 una kilo 10 za naitrojeni. Fosforasi na potasiamu, kwa namna zinavyohesabiwa mifukoni, ni kilo 5 kila moja.

Katika karne ya 19 wataalamu wa Kijerumani Carl Sprengel na Justus von Liebig walieleza kwamba ukuaji wa mmea huzuiwa na kile kilichopungua kuliko vyote. Kanuni hii hufananishwa na pipa lililoundwa kwa mbao zisizolingana urefu. Maji hayawezi kupanda kupita ubao ulio mfupi kuliko zote, hata kama mbao nyingine zimerefushwa namna gani. Ikiwa mmea umekosa mwanga, kuongeza mbolea ni sawa na kurefusha ubao ambao tayari ni mrefu.

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA MBOLEA

Jambo la kwanza ni mwanga. Ua la Usambara lisilochanua mara nyingi hukosa mwanga, wala si mbolea. Dalili yake ni vikonyo vya majani kurefuka na majani kuinuka juu kana kwamba yanatafuta dirisha. Lakini jua kali likilipiga moja kwa moja majani huungua. Mahali panapofaa ni karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha, pasipofikiwa na jua la mchana.

Jambo la pili ni maji. Udongo ukikaa umelowa daima, hewa haipiti na mizizi huoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, na majani hunyauka ingawa udongo umejaa maji. Hapo mtunzaji asiyejua huongeza maji mengine! Dawa ni kugusa udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu juu, mmea upewe maji; ukiwa bado na unyevu, usubiri. Maji yasiwe baridi, na yasimwagwe juu ya majani, kwa kuwa huacha mabaka meupe.

Jambo la tatu ni chungu. Chungu kikubwa hushika maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kutumia. Kipimo kinachofaa ni chungu chenye upana wa theluthi moja ya upana wa mmea. Mmea wenye upana wa sentimeta 30 hutoshwa na chungu cha sentimeta 10. Chungu lazima kiwe na tundu chini, na udongo uwe mwepesi, wenye mboji, usioshikamana kama matofali.

KIPIMO CHA MBOLEA

Kosa lililo kubwa ni kuchota mbolea ya shambani na kuitia chunguni kwa kijiko. Hesabu ifuatayo itaonyesha ubaya wake. Chungu chenye mdomo wa sentimeta 10 kina eneo dogo mno, na ekari moja ina nafasi ya midomo kama hiyo zaidi ya 500,000. Kijiko cha chai huchukua kadiri ya gramu 5 za mbolea ya chengachenga. Gramu 5 zikizidishwa kwa 500,000 ni kilo 2,500, yaani mifuko 50 ya kilo 50. Hakuna mwanachama ambaye angethubutu kumwaga mifuko 50 katika ekari moja, lakini wengi wamefanya jambo lilo sawa na hilo dirishani bila kujua.

Mbolea ni chumvichumvi. Ikizidi katika udongo, maji hushindwa kuingia mizizini, na hata yale yaliyomo mizizini huvutwa kutoka nje. Hii ndiyo maana ya kusema kwamba mbolea imeunguza mmea.

Njia iliyo salama ni kutumia mbolea inayoyeyuka katika maji, yenye tarakimu zinazolingana au zinazokaribiana, kwa kipimo cha robo ya kijiko cha chai katika lita 4 za maji. Maji hayo hutumika wakati wa kumwagilia kama kawaida. Kwa mizizi hii myembamba yafaa kuepuka mbolea ambayo naitrojeni yake yote hutokana na urea. Asiye na mbolea hiyo anaweza kuloweka samadi iliyokwisha kuoza vizuri, kuichuja, na kuizimua kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Kwa sababu ya harufu yake, samadi hiyo yafaa zaidi kwa vyungu vya barazani. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii maneno yao ni sahihi kabisa.

Mbolea isitiwe katika udongo uliokauka. Kwanza udongo uloweshwe kwa maji matupu. Vile vile mmea mgonjwa, au uliohamishiwa chungu kipya, usipewe mbolea mpaka utulie kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

DALILI NA TIBA

Mmea uliopungukiwa mbolea huwa na majani yaliyopauka, na yale ya zamani hugeuka manjano kwanza. Ukuaji wake ni wa polepole na maua ni machache. Mmea uliopewa naitrojeni nyingi hustawi majani tu na kuacha kuchanua. Mmea uliounguzwa una dalili zake: ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu, kingo za majani kuwa na rangi ya kahawia, na majani machanga ya katikati kusongamana, kudumaa na kushika rangi ya kutu.

Mmea ulioungua huweza kuokolewa. Ukoko wa juu uondolewe kwa kijiko, kisha maji matupu yenye uvuguvugu yamiminwe polepole juu ya udongo mara kadhaa, yakitoka yote kupitia tundu la chini. Maji yaliyotoka yamwagwe, yasiachwe katika kisahani. Kuosha udongo namna hii kila baada ya mwezi mmoja au miwili ni kinga nzuri, hasa kwa wale wanaomwagilia kwa kuweka maji kisahanini, kwa sababu maji yapandapo hubeba chumvi na kuziacha juu.

KUTOKA CHUNGUNI HADI SHAMBANI

Shamba haliwezi kuoshwa kama chungu, kwa hiyo kosa la huko ni ghali zaidi. Mkulima akiona mahindi yamepauka, aulize kwanza kama maji yametuama, kama magugu yamezidi, au kama udongo umekuwa na uchachu. Salfeti ya amonia ikitumiwa miaka mingi mfululizo huongeza uchachu huo, na mfuko mwingine wa mbolea hiyo hiyo hautaleta nafuu. Yafaa udongo upimwe kabla ya kuagiza pembejeo. Mwanachama anayekopeshwa mifuko ambayo shamba lake haliihitaji hubaki na deni, na deni hilo hukatwa katika malipo ya mazao yake.

Chama cha msingi kinaweza kuweka vyungu viwili ofisini, kimoja kikipewa mbolea kwa kipimo na kingine kikitiwa bila kupima, ili kila aingiaye ajionee mwenyewe. Mimea hiyo isichimbwe msituni. Aina nyingi za porini zimo hatarini kwa kuwa misitu yake imepungua, na katika hifadhi kama ile ya Amani ni marufuku kuchukua mmea bila kibali. Wala hakuna haja ya kufanya hivyo. Jani moja zima kutoka katika chungu cha jirani, likikatwa pamoja na kikonyo chake cha sentimeta 3 na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu, hutoa mizizi baada ya wiki tatu au nne. Baada ya miezi miwili hivi vichipukizi huanza kuonekana. Mpaka hapo, jani hilo huhitaji mwanga, unyevu na subira. Mbolea huja baadaye, nayo ije kwa kipimo.