Mama Kevina na Wakunga wa Nsambya

Tarehe 15 Januari 1903, masista sita Wafransisko waliingia Nsambya, Kampala, wiki sita baada ya kuondoka London. Mmoja wao alikuwa Mwairishi wa miaka 27, Sista Mary Kevin, aliyezaliwa Arklow kwa jina la Teresa Kearney. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama naye akafariki binti akiwa na miaka kumi, akalelewa na bibi yake. Huko Nsambya wagonjwa walianza kutibiwa chini ya mwembe.

Kazi ilikuwa nyingi kuliko mikono. Malale yalikuwa yakiua watu kandokando ya Ziwa Victoria, na vita vya 1914 vilipozuka, Nsambya ikapokea wapagazi wa Kiafrika waliojeruhiwa au kuugua wakibebea majeshi mizigo. Waganda walikwisha kumpa sista huyo jina lao: Mama Kevina.

Jambo lililomuumiza zaidi lilikuwa vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Hapo alikutana na kikwazo kigumu, tena ndani ya Kanisa lake mwenyewe: sheria ilimkataza mtawa aliyeweka nadhiri kuzalisha. Sista aliweza kumfunga mgonjwa kidonda, lakini uchungu ukimshika mama, alipaswa kukaa pembeni. Mama Kevina hakukubali kungoja sheria ibadilike ndipo wanawake wapone. Mwaka 1921, akishirikiana na daktari mlei Evelyn Connolly, alianzisha shule ya ukunga Nsambya, mabinti wa Uganda wakafundishwa kazi ambayo masista wenyewe walizuiwa kuifanya. Wakati huohuo alikuwa miongoni mwa waliodai sheria hiyo iondolewe, kama alivyofanya pia daktari Anna Dengel kutoka Austria. Roma iliwaruhusu watawa kufanya ukunga mwaka 1936. Shule ya Nsambya ilikuwa na miaka kumi na mitano tayari.

Mwaka 1923 alikwenda mbele zaidi, akaanzisha shirika la watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane. Kwa maoni yangu, hili ndilo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, makao ya wakoma ya Nyenga na Buluba yakiwemo. Enzi za ukoloni, wengi waliamini kwamba Mwafrika ni wa kuhudumiwa tu. Yeye aliwakabidhi mabinti hao kazi ya kuuguza na kufundisha.

Kwa msomaji wa Yakobi au Makambako, nchini Tanzania, kuona Waafrika wakifanya kazi hizo leo ni jambo la kawaida kabisa. Leo, mama akienda kujifungua katika hospitali ya Kilutheri ya Ilembula, hashangai kuhudumiwa na binti wa Kibena wa hapohapo. Wala hakuna anayeshangaa kuwaona masista Wabenedikto wa Imiliwaha wakiendesha kazi zao wenyewe. Lakini ilibidi watu wapiganie ukawaida huo, kila mmoja mahali pake na katika kanisa lake.

Uzee haukumpumzisha. Mwaka 1952, akiwa na miaka 77, alianzisha shirika jingine, la masista wamisionari wa Kifransisko kwa ajili ya Afrika. Miaka mitatu baadaye aliachia uongozi, akatumwa Boston, Marekani, na huko akaendelea kutafuta fedha za misheni. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili ulipelekwa Ireland, ukazikwa. Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika: huyu ni mama yao, wakadai arudishwe nyumbani. Walisikilizwa, na mwezi Desemba mwaka huohuo akazikwa upya Nkokonjeru, kwenye makao ya Masista Wadogo. Mchakato wa kumtangaza mtakatifu umekwisha kuanza, na shirika lake la 1923 limevuka mipaka ya Uganda hadi Kenya na Tanzania, likiendesha shule na hospitali.