Kisiki Kinachochipuka: Tumaini la Mkristo Katika Miti ya Maandiko

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kampala, akishapita Bumala na kuukaribia mji wa Busia, huona katika mashamba safu za miti myembamba iliyonyooka, yenye maua ya manjano. Mara nyingi miti hiyo imepandwa pale shamba la mtu linapokoma na la jirani yake linapoanza. Waluhya huuita mti huo lusiola, Waluo huuita siala, na msafiri akivuka mpaka na kusonga mbele hadi Buganda atasikia ukiitwa musambya. Mti ni ule ule. Wataalamu wa mimea wameupa jina la Markhamia lutea, lakini mwenye shamba hana haja na jina hilo. Yeye anajua jambo moja lenye thamani kubwa zaidi: ukikatwa, haufi.

Mwenye shamba atakapo nguzo za nyumba huukata mti huo karibu na ardhi, wala hang'oi kisiki chake. Mvua zikinyesha, kisiki hutoa machipukizi mengi. Naye huchagua mawili au matatu yaliyonyooka, mengine akayapogoa. Baada ya miaka michache nguzo nyingine huwa tayari, na shoka hurudi pale pale. Ndivyo nyumba nyingi za Bukhayo, Samia na Bugwe zilivyosimamishwa, baba akivuna alichokata babu.

Mtu aliyelizoea jambo hilo shambani mwake hapati taabu kumwelewa Ayubu. Katika sura ya kumi na nne ya kitabu chake, Ayubu anautazama mti uliokatwa na kusema kwamba huo una matumaini. Hata mizizi yake ikizeeka ardhini na shina lake likakauka, harufu ya maji itatosha kuuamsha. Wahubiri wengi hupenda maneno hayo, na katika matanga husomwa kwa sauti ya kufariji. Lakini yafaa isemwe wazi kwamba wengi wao hufunga kitabu mapema mno. Ayubu hakuyatamka ili kujifariji, bali alikuwa akilalamika. Katika mistari inayofuata anasema kwamba mwanadamu si kama mti, kwa maana yeye akifa hulala asiinuke. Mti una tumaini, lakini mimi je? Hilo ndilo swali la Ayubu, nalo ni swali la kila aliyesimama kando ya kaburi lililo wazi. Kumnyang'anya Ayubu swali lake ili kuwapa wafiwa faraja ya haraka si kuwatendea haki wafiwa, wala Ayubu mwenyewe.

Jibu la Maandiko huja polepole, nalo hupitia katika visiki. Nabii Isaya aliishi wakati ambapo majeshi ya Ashuru yalikuwa yakizifyeka nchi kama mtu afyekaye msitu. Mwishoni mwa sura ya sita anaonyeshwa taifa lililokatwa kama mwaloni, limebaki gutu tu, na mbegu takatifu imo ndani ya gutu hilo. Katika sura ya kumi na moja anaeleza chipukizi litakalotoka katika shina la Yese. Hapana budi tutambue kwamba Yese alikuwa baba yake Daudi, mkulima na mfugaji wa Bethlehemu. Nabii hasemi kwamba mti wa kifalme utastawi zaidi, bali utakatwa mpaka kufikia kwa yule mzee wa kijijini aliyekuwako kabla ya taji, na uhai uanzie hapo upya. Wakristo waliyasoma maneno hayo wakamwona Yesu, mtoto wa fundi seremala kutoka Nazareti.

Watu wa Busia na Tororo wana sababu zao za kuyaelewa mambo ya kukatwa. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo leo ni Kenya. Mpaka uliokuwa mbali, upande wa Naivasha, ukasogezwa hadi nchi hii. Wasamia wakajikuta wako pande mbili, na Wateso vivyo hivyo, wengine Amukura na wengine Tororo. Hata hivyo mambo mengine hayakukatika. Wajopadhola wa Tororo, wenye lugha ya Kijaluo, humwita Mungu Were. Wabukusu, ambao ni Waluhya na lugha yao ni ya Kibantu, humwita Wele. Jina hilo limevuka lugha na mipaka bila kuulizwa hati.

Mwaka 1977 shoka lilishuka juu ya kanisa lenyewe. Mwezi wa Februari askari wa Idi Amin waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda, na pia nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Dayosisi ya Bukedi, ambayo makao yake yako Tororo. Maaskofu walimwandikia Rais barua ya kupinga. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Huyu Oboth-Ofumbi alikuwa mwana wa Tororo, naye ndiye aliyeandika historia ya watu wake wa Padhola. Serikali ilitangaza kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya gari, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyesadiki.

Maiti ya Askofu Mkuu haikuletwa Kampala, bali ilipelekwa Mucwini, kijijini kwake huko kaskazini. Lakini kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa katika kilima cha Namirembe, jirani na kaburi la Askofu James Hannington. Jumapili ile waumini walikusanyika, na kaburi lilikuwa tupu. Watu wale walikuwa wamekulia katika habari za Pasaka, na wengi walikumbuka kaburi jingine ambalo lilikutwa tupu. Yafaa ikumbukwe pia kwamba Hannington mwenyewe alitokea Mumias akielekea Busoga, njia ya nchi hii ya mpakani, alipouawa mwezi wa Oktoba 1885. Mifupa yake iliwekwa Mumias kwa muda kabla ya kuzikwa Namirembe mwishoni mwa mwaka 1892.

Askofu Okoth alikwenda uhamishoni. Amin aliangushwa mwaka 1979, na mwaka 1984 askofu yule wa Tororo ambaye nyumba yake ilipekuliwa kwa bunduki aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa nchini Uganda. Haya si malipo ya damu, wala asidhani mtu kwamba machipukizi hufuta alama ya shoka. Mwenye kuutazama kwa makini mti wa lusiola uliochipuka ataona kovu lingaliko, na shina jipya limesimama ubavuni mwake.

Hapa ndipo penye fumbo kubwa la imani ya Kikristo kuhusu miti. Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu, ilihesabu kuwa mtu aliyetundikwa juu ya mti amelaaniwa. Mitume waliijua sheria hiyo vizuri. Wangeweza kutumia neno lingine kila wanaposimulia kifo cha Bwana wao, lakini Petro alisema mbele ya baraza kuwa Yesu alitundikwa katika mti, na Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba laana ile ilibebwa na Kristo kwa ajili ya wengine. Neno la Kiyunani walilolitumia ni xylon. Neno hilo hilo hutumika katika Ufunuo kwa mti wa uzima, na katika tafsiri ya kale ya Kiyunani kwa mti wa uzima wa Edeni. Kiswahili chetu nacho kina utajiri huo. Mti ulio hai huitwa mti, na nguzo isiyo na jani nayo ni mti. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mwalimu wa kumwonyesha uzi unaounganisha bustani ya mwanzo, Kalvari, na mji wa mwisho. Na hapo ndipo Ayubu anapojibiwa. Mwanadamu aliyelazwa kaburini ameinuka, kwa hiyo si mti peke yake wenye tumaini.

Kuna mengine ambayo wafasiri wetu wametuwekea karibu. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alipanda juu ya mkuyu ili amwone Yesu. Wengi hudhani mkuyu umewekwa pale kwa kubahatisha, kwa sababu mti wa Kiyahudi haukupatikana kwetu. La hasha! Mti wa Zakayo ndio mkuyu wetu huu huu, uotao kando ya mito ya Afrika ya Mashariki. Asili yake ni Afrika. Kule Misri na Palestina nyigu mdogo ausaidiaye kuzaa mbegu hayuko, kwa hiyo tangu zama za kale watu wameueneza kwa kupanda vipande vya matawi. Nabii Amosi alikuwa mtunza mikuyu. Kwa hiyo Mwafrika asomapo habari ya Zakayo asijione mgeni, maana mti wenyewe ulitoka kwao. Tena tusisahau kwamba Zakayo alikuwa mtu wa forodha. Pengine hakuna miji inayopaswa kumfahamu zaidi kuliko Busia na Malaba.

Ibrahimu naye aligombana na watu wa Abimeleki kwa ajili ya kisima. Wakapatana, wakaapishana mahali palipoitwa Beer-sheba, kisha mzee huyo akapanda mti. Biblia yetu ya Kiswahili husema ulikuwa mkwaju. Ibrahimu hakuwa na ardhi pale, alikuwa mgeni katika nchi ya Wafilisti. Mgomvi angejenga ukuta, lakini yeye alipanda kitu ambacho kivuli chake hakingemchagua mtu wa kabila lake. Waluhya wana mti wa namna hiyo, omurembe, ambao hutoa maua mekundu wakati matawi yake hayana jani hata moja. Wazee waliapisha watu kwa mti huo, na salamu ya amani ya Waluhya, mulembe, inafanana nao kwa jina.

Mti wa mwisho katika Maandiko umo katika sura ya mwisho ya Ufunuo, kando ya mto. Nabii Ezekieli alikwisha kuona miti ya namna hiyo, ambayo majani yake ni dawa. Yohana aliongeza neno moja tu, nalo linabadili kila kitu. Alisema majani hayo ni ya kuwaponya mataifa. Hakusema taifa. Katika Tororo uponyaji si lugha ya mafumbo tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mkazi wa huko alipata kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka, idadi ambayo ni miongoni mwa kubwa zilizopata kupimwa duniani. Kwa vizazi vingi dawa iliyotegemewa ilikuwa kwinini, nayo ilitoka katika gome la mti. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 nyumba za wilaya hiyo zilinyunyizwa dawa ya kuua mbu, na malaria ikapungua sana. Mkristo anayengoja majani ya mji ule wa mwisho hana ruhusa ya kumdharau anayenyunyiza dawa katika nyumba za mji huu.

Mpaka wenyewe nao umelegezwa kidogo. Mwezi wa Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, na mwenye safari sasa hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani mwaka 1977, mwaka ule ule wa kifo cha Luwum, na akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alitoa shauri ambalo makanisa yetu yangali yanalisikia nusu nusu. Alisema kwamba Ijumaa Kuu hukumbuka mti uliokatwa ili ufanywe msalaba, kwa hiyo ingefaa Jumatatu ya Pasaka iwe siku ya Wakristo kupanda miti. Kwa mashamba ya Busia na Tororo shauri hilo limekuja kwa majira yake hasa, maana Pasaka huangukia mwezi wa Machi au Aprili, wakati mvua za masika zinapoanza. Miche ya lusiola, inayooteshwa kwa mbegu zake nyepesi zenye mabawa, inataka kutiwa ardhini wakati huo huo. Mvule unataka subira zaidi, tena haupendi kupandwa peke yake, kwa sababu kuna mdudu aushambuliaye ukiwa mchanga. Basi yafaa uchanganywe na miti mingine tangu siku ya kwanza, na mashimo yachimbwe kabla ya Juma Takatifu.